Mkunga wa Upande wa Baba

Kismayu,
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanahija, aliyeko Mombasa nyumbani kwa mama mdogo Safiya.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali penye upepo, miwani ya kusomea imeonekana, na goti limekupumzisha walau siku mbili tatu. Mimi mwanao ni mzima, namshukuru Mungu, ila mafua ya vumbi ambayo hayajui kuaga. Nyumba ni salama. Paa halivuji tena, na yule paka mwizi uliyemfukuza ulipokuja kututembelea amerudi na kuzaa chini ya kitanda changu, kwa hiyo siku hizi mimi ndiye mgeni humu ndani.

Barua nimempa Abdulhakim mkononi, maana anakuja Mombasa kutafuta vipuri vya mashine za boti. Amebeba pia papa mkavu kidogo. Mwambie mama mdogo asimzamishe kwenye nazi kama ilivyo desturi yake, aonje kwanza papa mwenyewe.

Utajiuliza kwa nini naandika, mimi ninayekupigia simu hata kukuuliza chumvi. Jambo hili nimejaribu kulisema kwenye simu si mara moja. Kila nikikohoa nianze, wewe ulikuwa umeshamtaja marehemu ndugu yangu Fumo, nami nikageuza maneno nikauliza habari za bei ya unga. Kwa hiyo soma polepole, soma mwenyewe, usimpe Afnan akusomee. Mjukuu huyo wa mama mdogo ni mwema lakini hajui kufunga mdomo.

Habari yenyewe inamhusu Athman. Najua hutaki kulisikia jina hilo. Tangu Fumo wetu alipozama katika boti ya kwenda Chula, yeye na yule mama aliyekuwa akirudi kisiwani na sufuria za harusi ya bintiye, wote tulimnyooshea kidole Athman. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi pale pwani, ameajiriwa na wenye boti akague kila chombo na kutoa ruhusa ya kuondoka. Chombo kilijaa saruji na watu wakakaa juu ya saruji, naye akakiachia. Alipotuma wazee kwako kuomba radhi, ulisema yule si mchu, si mtu kabisa, na kwamba hutainua mikono kumwombea mpaka mkutane mbele ya Mungu. Siku ile nilijivunia maneno yako. Niliyarudia mwenyewe kwa majirani.

Sidhani unajua maneno hayo yamefika wapi. Huku hakuna mwenye boti anayemkubali Athman hata kufunga kamba. Wanasema mpaka mama yake Fumo amridhie, hawataki mkosi katika vyombo vyao. Shamsa mkewe amewachukua watoto akarudi kwao. Athman anavunja barafu kwenye ghala la samaki, na tukikutana sokoni huvuka barabara katikati ya bajaji ili asinipite karibu. Ana umri wa Fumo, unakumbuka walivyokuwa wakigombania jezi moja. Sasa ukimwona utamwamkia kama mzee.

Hapa inabidi univumilie, Mama, kwa sababu siwezi kukueleza habari ya Athman bila kukueleza kazi yetu, ile unayoiita mafumbo ya umeme.

Kompyuta haijui boti ni nini. Mtu huiandikia kwanza aina ya kitu: anaiambia kwamba boti ina mwenyewe, ina urefu, ina mzigo. Aina ikishaandikwa, unaweza kutoa humo boti nyingi upendavyo, zote zikafuata maelezo yale. Mimi na Fumo tulitaka lugha ya kompyuta ambayo maneno yake ni yetu, ili vijana wanaokuja kusoma kompyuta darasani kwa Sabir wasilazimike kujua Kiingereza ndipo wajue kufikiri. Tukaipa jina la kisiwa cha marehemu Baba, Fuma. Haya unayajua. Wewe mwenyewe ulituambia baada ya hitima kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu, na kwamba Fumo, ambaye hakuacha mtoto wa kumwombea, ameacha elimu yenye manufaa. Ukaniusia nisiiguse, niisambaze kama alivyoiacha.

Usiloambiwa ni kwamba katika lugha hiyo aina haizaliwi peke yake. Kuna kitu tulichokitengeneza ambacho husimama pale aina inapozaliwa. Huitazama ikiwa bado inaundwa, huiongezea kilichopungua, na ikiwa haijatimia hukataa kuitoa nje. Watu wa lugha nyingine za kompyuta wana majina yao marefu ya kitu hicho. Fumo alikiita mkunga, na jina likaganda. Mkunga huyu haangalii boti mojamoja. Anaiangalia aina, mara moja tu, siku ya kuzaliwa kwake. Akipitiwa yeye, boti zote za aina ile zinatoka na kasoro ileile, na hapatakuwa na wa kuuliza tena.

Kisha aina huweza kuzaliwa na aina nyingine, ikarithi kutoka kwa mzazi wake, pamoja na mkunga wa mzazi huyo. Katika programu tuliyowaandikia wenye boti, ile ya Athman kukagulia vyombo, mkunga wa vyombo vya abiria nilimwandika mimi. Nilimfanya mkali kwa makusudi: aina yoyote inayotokana na vyombo vya abiria, asiitoe nje mpaka itaje mwisho wa watu, idadi isiyoruhusiwa kuzidi, na ikubali kukaguliwa majaketi ya kuokolea. Mkunga wa vyombo vya mizigo aliandikwa na Fumo, naye aliuliza uzito wa mzigo basi.

Tukafika penye ugomvi. Aina ikizaliwa na wazazi wawili, kila mmoja ana mkunga wake, ni mkunga gani aingie chumbani? Tulibishana siku nyingi pale kwa Sabir, chai ikipoa. Mimi nilisema lugha isichague. Isimame, imwambie mwandishi kwamba wakunga hawa hawajuani, alete wa tatu aliyejifunza kwa wote wawili. Fumo akasema hiyo ni lugha ya kugombeza watoto, kijana ameandika mistari mitatu na tayari anakaripiwa. Alitaka Fuma iwe na huruma. Kwa maoni yake mzazi aliyetajwa kwanza ndiye baba, na mkunga wa upande wa baba anatosha. Nikamwambia inaonekana hajawahi kukaribia uzazi: kwetu binti huenda kwa mama yake kujifungua mtoto wa kwanza, na mkunga huitwa na upande wa mama, wanaume wako nje wanaulizana kimezaliwa nini. Sabir alicheka hadi chai ikammwagikia. Fumo naye akauliza mtoto huyo akishatoka huitwa kwa jina la nani. Tulikula chakula cha mchana siku kadhaa bila kusemezana, kama watoto. Mwisho neno lake ndilo lililopita. Jinsi lilivyopita nitakueleza mbele, kwa sababu nalo lina uzito wake.

Basi, Sabir alipopata shule za Mombasa na Lamu zinazoitaka Fuma, nikaona kabla ya kuitoa niipitie yote. Sikutaka kuigusa, Mama, nilitaka kuisoma tu. Nilipofika penye wakunga nikaandika aina ya kujaribia yenye wazazi wawili, nione itakavyokuwa. Ikazaliwa haraka, bila swali. Nikaibadili, nikamtanguliza yule mzazi mwingine, ikakataliwa pale pale. Halafu nikaenda kuifungua ile programu ya boti, ambayo tangu msiba sikuwa na moyo wa kuifungua.

Boti iliyomchukua Fumo ilikuwa ya aina ya mizigo na watu. Wenye boti waliiomba, maana vyombo vingi vya visiwani hubeba vyote viwili kwa pamoja. Fumo aliiandika mwenyewe, akaipa wazazi wawili, na akaanza kutaja mizigo, kwa kuwa boti zile zilikuwa za mizigo tangu asili. Mizigo ikawa baba. Mkunga wangu, yule mkali, hakuitwa. Alibaki nje ya mlango na hakuna aliyejua kwamba hayumo. Aina ile ikazaliwa bila mwisho wa watu. Ungeweza kuingiza majina ya watu wa mtaa mzima, programu ingeyapokea tu, ikapima saruji peke yake na kusema ruhusa.

Nikaingiza saruji ya siku ile. Nikaingiza majina, la Fumo likiwa la mwisho. Ikatoka rangi ya kijani, ruhusa.

Mama, Athman hakusema uongo. Mbele ya wazee alirudia na kurudia kwamba kompyuta ilikubali, nasi tukasema alikuwa anatafuna miraa, hakutazama. Utaniuliza kwani hakuwa na macho. Alikuwa nayo. Zamani aliwazuia manahodha kwa macho yake, nao wakamlalamikia kwamba anapendelea vyombo vya jamaa zake. Ndiyo maana tulitengeneza programu ile. Ni sisi, mimi na Fumo, tuliowaambia wenye boti kwamba kompyuta haina jamaa, na kwamba Athman aache kukisia afuate skrini. Aliacha kukisia. Alitutii.

Kuna watakaosema ni kadari tu, yaishe. Kadari naiamini, lakini sipendi inapotumiwa kufunga mlango huku mtu mwingine amebanwa humo.

Nakueleza ukweli wote. Ningeweza kuirekebisha kimyakimya. Ni mistari michache, hata Sabir asingejua. Fuma ingekwenda mashuleni na jina la ndugu yangu safi, nawe ungeendelea kulala na faraja yako. Siku zile nilipika, nikafua, nikaenda kazini, na kichwani nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Nilimkumbuka Fumo alivyokuwa akinibebea maji ngazi nzima halafu ananidai ahsante kwa Kisomali, Kibajuni na Kiarabu, nikaona siwezi kumzika mara ya pili.

Kisha Athman akaja nyumbani. Alikuja mchana, na begi dogo begani. Alisimama kizingitini akasema anaondoka, anakwenda Ulaya kwa njia ya jangwa kama vijana wengine, na kwamba hawezi kukanyaga njia ile akiwa na ghadhabu ya mzazi. Kwako amekwishakataliwa, basi alikuja kuomba radhi kwangu, ashike hata hiyo. Nilitarajia atataja tena habari ya skrini. Hakuitaja. Alisema amefikiri sana na huenda kweli hakutazama vizuri siku ile, huenda aliona kijani kwa sababu alitaka kwenda kula. Ameambiwa ni mwongo muda mrefu hivi kwamba sasa anajisadiki.

Hapo nilishindwa, Mama. Nilimkalisha kwenye mkeka nikamweleza yote niliyokueleza wewe. Hakukasirika. Aliuliza kitu kimoja tu, kama Fumo alijua. Nikamwambia hakujua, asingepanda boti ile, wala asingempandisha yule mama na sufuria zake. Athman akasema kama ni hivyo wewe usiambiwe. Akasema yeye ameshazoea, na wewe una jambo moja tu lililokubakia. Akainuka achukue begi.

Nililishika begi nikakataa kuliachia. Ndiyo maana barua hii naiandika kinyume cha ombi lake.

Sasa ni lile nililosema lina uzito wake. Athman halijui. Siku tulipochoka kubishana juu ya wakunga, tulikubaliana neno tulilete kwako. Fumo alikupigia simu, akaweka sauti ya nje, mimi na Sabir tukisikiliza. Hakutaja kompyuta. Alikuuliza mtoto akizaliwa na wazazi wa mila mbili, afuate mila ya nani. Ulikuwa unapepeta mchele, tuliusikia ungo. Ulicheka, ukasema mwana ni wa babake, hilo nalo la kuuliza. Fumo aliinua mikono kama aliyefunga bao. Kabla ya alasiri alikuwa ameshaiandika hivyo, nami nikanyamaza, kwa sababu nani anabishana na mama yake.

Ningekufa nalo neno hili. Lakini Sabir alikuwepo, na Sabir hajawahi kukaa na neno tumboni. Mambo yakitoka hadharani atalikumbuka, atalisimulia kama kichekesho cha huzuni, na siku moja litakufika Mombasa kwa mdomo wa mtu asiyekupenda kama mimi. Nimeona bora ulisikie kwangu. Uliulizwa habari ya mtoto, ukajibu kama angejibu mama yeyote wa kwetu. Sisi tuliosoma ndio tuliochukua jibu la mtoto tukalitia kwenye boti, wala hatukukuambia tunalipeleka wapi. Hakuna hatia hapo inayokugusa. Naandika hivyo nikijua utaketi nalo tu, na mimi siko karibu nikushike mkono, na hilo linanichoma kuliko yote.

Nimefanya niliyofanya. Mistari ya Fumo nimeitoa. Sasa Fuma ikikutana na wakunga wawili wasiojuana inasimama na kudai wa tatu, na vijana wa Sabir wamekwisha kulalamika kwamba ina kiburi. Aina ile ya boti nimeiandika upya, na mkunga wangu yumo. Wenye boti nimewaomba kikao, nitawaeleza mwenyewe kosa lilikuwa la nani, na nitalitaja jina la ndugu yangu mbele yao. Watu wa yule mama wa Chula nitawafuata kwao. Thawabu ya kusahihisha, kama ipo, nimeitia nia imfikie Fumo. Nampenda, na nimemkasirikia, na asubuhi nyingine huwa vyote viwili kabla sijamaliza chai.

Athman amekubali kungoja mpaka Abdulhakim arudi kutoka kwako. Zaidi ya hapo hakubali. Hili ndilo ombi langu, na nimelizunguka kurasa zote hizi kwa uoga. Sikuombi umsamehe, kwa sababu hana kosa la kusamehewa. Nakuomba wewe umtake radhi yeye. Najua ni zito, mzazi kumtaka radhi kijana aliyelingana na mwanawe, na tena kijana ambaye kila ukimfikiria unamwona Fumo majini. Sema maneno machache tu, uyarekodi kwenye simu ya Afnan kwa sauti yako, ili awasikilizishe wenye boti na baba yake Shamsa. Mimi nikisema watasema namtetea rafiki wa utotoni. Wewe ukisema watu watanyamaza.

Na kama huwezi, Mama, usimpe Abdulhakim jibu lolote. Nitaelewa, na sitakuuliza kwenye simu. Ila ujue kwamba ataondoka.

Nisalimie mama mdogo Safiya, umwambie mashuka aliyotuma yamefika na rangi haijachuja. Nisalimie Afnan, na mwambie nilichosema juu ya mdomo wake nimekisema kwa mapenzi. Hodan jirani anakusalimu sana na anauliza utakuja lini. Sabir naye anakupa mkono. Athman hakutuma salamu, kwa sababu hathubutu, ila jana aliniuliza kama siku hizi unapata usingizi.

Mungu akupe subira, akuhifadhi, atukutanishe kwa heri. Nakuinamia nikikubusu mikono.

Ni mimi mwanao, mtoto wako uliyebaki naye,

Rawda